Barua kwa mwanangu anayehamia Fort Leonard Wood

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba, kwa ile shikamoo yako ya juzi ambayo simu ilikatika kabla sijaiitikia. Hapa tu wazima. Presha ya mama yako imeshuka kidogo tangu abadilishiwe dawa, ila chumvi bado anaongeza nikigeuza mgongo. Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza jambo unasema "sawa baba" kabla sijafika katikati, na hiyo "sawa baba" yako naijua tangu ukiwa darasa la tatu. Mdogo wako ataipiga picha karatasi mojamoja akutumie. Isome ukiwa umekaa, mama, si ukiwa mlangoni unavaa viatu.

Ulinipa habari mbili kwa pumzi moja. Ya kwanza, kwamba mwezi ujao unahama San Antonio kwenda Missouri, kwenye kambi iitwayo Fort Leonard Wood. Ya pili uliitaja kama mtu anayetaja bei ya nyanya: kwamba mkataba wako wa jeshi ukiisha hutaongeza, utarudi Texas ugombee kiti katika bunge la jimbo. Kwamba watu wa chama wamekwisha kukufuata, wanasema daktari wa jeshi mwenye nishani hakosi kura. Hiyo ya pili mdogo wako aliijua wiki mbili kabla yangu. Sijasema neno, lakini nimeona.

Usiku ule nikamwuliza mdogo wako, huyo Leonard Wood ni nani hata kambi nzima ikapewa jina lake? Akatafuta kwenye intaneti, kesho yake akaniletea rundo la karatasi kutoka stesheneri ya pale sokoni. Nimezisoma wiki nzima kwa miwani ya mama yako. Tangu hapo usingizi wangu si mzuri. Mtu huyo alikuwa daktari, mwanangu. Daktari wa jeshi, mwenye nishani, aliyeingia siasa. Utakwenda kutibu watu katika hospitali yenye jina lake, na sidhani kama huko kuna mtu atakayekaa kitako kukueleza ilikuwaje. Basi nitakueleza mimi.

Alizaliwa New Hampshire mwaka 1860, akamaliza udaktari Harvard mwaka 1884. Mwaka uliofuata jeshi likamchukua kwa mkataba, akapelekwa Fort Huachuca, Arizona. Wakati huo wanajeshi walikuwa wanamsaka Geronimo na Waapache wake, wenyeji wa asili wa nchi ile, wanavuka naye milima mpaka ndani ya Mexico. Mwaka 1886 kikosi kimoja cha askari wa miguu kilibaki bila ofisa, daktari akaomba akiongoze yeye. Wakampa. Pia alibeba barua za jeshi akapita nazo katika nchi ya maadui, maili 70 usiku mmoja, kukicha akaongeza nyingine 30 kwa miguu. Kwa hayo mawili alikuja kupewa Medal of Honor mwaka 1898, ambayo wewe unajua zaidi yangu kwamba hakuna nishani iliyo juu yake huko.

Nimesoma maelezo ya nishani hiyo mara tatu nikimtafuta mgonjwa. Hayumo. Hakuna jeraha lililofungwa, hakuna mtu aliyetolewa risasi, hakuna aliyenyweshwa maji. Kuna safari, kuna kuamuru, na kuna yale maneno kwamba aliomba mwenyewe.

Yako wewe najua ulivyoipata, sina haja ya kukusimulia mwenyewe. Picha yako ukivalishwa nimeitundika sebuleni juu ya redio. Kila mgeni akiingia namsubiri aione, na asipoiona namwonyesha. Padri aliiona mara mbili. Kwa hiyo usije ukadhani baba yako ameandika barua hii kwa kukosa fahari. Ninayo mpaka inanizidi, na ndiyo maana nataka nishani ile ibaki kuwa ya mgonjwa. Wasije wakaichukua watu wa chama wakaibandika kwenye mabango.

Huyu Wood alipanda haraka. Akawatibu Rais Cleveland na Rais McKinley, akawa rafiki wa damu wa Theodore Roosevelt. Vita vya Cuba vilipoanza mwaka 1898 wakaunda kikosi cha wapanda farasi, daktari akiwa kamanda na Roosevelt akiwa msaidizi wake. Kabla mwaka 1899 haujaisha akawa gavana wa kijeshi wa Cuba nzima. Tangu aajiriwe kwa mkataba kule Arizona haikufika hata miaka kumi na mitano.

Sasa hapa lazima nimpe haki yake, maana najua utanishika hapo. Homa ya manjano ilikuwa inaua watu Havana vibaya sana. Daktari wa Cuba, Carlos Finlay, alikuwa amesema tangu 1881 kwamba mwenye kuieneza ni mbu, na kwa karibu miaka ishirini wakubwa hawakumsikiliza. Mwaka 1900 tume ya daktari wa jeshi la Marekani, Walter Reed, ikaja kupima neno hilo, na mwenzao Jesse Lazear akaumwa na mbu akafa mwezi wa tisa. Wood ndiye aliyeridhia majaribio yaendelee na akatoa fedha. Tena wale waliojitolea waliandikiana mkataba kwanza, wakaelezwa hatari, wakalipwa dola 100 za dhahabu, na 100 nyingine kwa atakayeugua. Mwaka uliofuata Gorgas, daktari mwingine wa jeshi hilo, akapita nyumba kwa nyumba anaua viluwiluwi kwenye mapipa na matangi, na homa ikatoka Havana. Sisi wa Muheza mbu tunamjua, tumezaliwa naye na watafiti wake tumewaona tangu enzi za Mwingereza. Niliposoma hapo nilifunga karatasi nikakaa kimya. Gavana asiyekuwa daktari angeweza kumcheka Finlay kama wenzake walivyomcheka.

Kwa hiyo uliponiambia kwamba sheria moja inaweza kutibu watu laki moja usiowaona, sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Havana inasema uko sawa.

Lakini soma mbele. Cheo kilekile, mkono uleule. Mwaka 1903 akapelekwa Ufilipino, wakati huo koloni la Marekani, kutawala nchi ya Wamoro, Waislamu wa visiwa vya kusini. Mwezi wa tatu mwaka 1906, kisiwani Jolo, mamia ya Wamoro walikuwa wamepanda wakajikusanya kwenye shimo la volkano iliyozimika, mlima Bud Dajo, wamekataa kodi na wamekataa utawala. Askari waliokuwa chini ya Wood wakapanda na mizinga. Waliouawa hesabu zinatofautiana, mia sita, wengine wanakaribia elfu moja, wanaume na wanawake na watoto, na waliotoka hai walikuwa wachache mno. Wamarekani walikufa ishirini hivi. Walipomwuliza kuhusu wanawake akajibu kwamba walivaa suruali kama wanaume na walipigana, na watoto walitumiwa kuwa ngao. Roosevelt, sasa akiwa rais, akatuma simu ya maandishi ya pongezi.

Wiki moja tu kabla ya hapo, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walikuwa wamewanyonga wazee wetu pale Songea kwa sababu ya Majimaji. Shule mlifundishwa tarehe hiyo. Nikaziweka tarehe hizo mbili kando kwa kando kwenye daftari langu. Kitu kilichonitesa ni kwamba yule wa Jolo alikuwa amesoma kama ulivyosoma wewe. Bila shaka aliwahi kushika kichwa cha mtoto kinachotoka. Anajua mwili wa mtoto ni mdogo kiasi gani. Ilikuwaje asiuone? Nimejiuliza sana, na jibu langu ni kwamba alikuwa ameacha kugusa. Miaka mingi ilikuwa imepita anapelekewa watu kwa hesabu na ripoti, na mtu akiwa hesabu hana joto la mwili.

Ndiyo hofu yangu yote hiyo, mama. Sihofii uchaguzi. Nahofia uache kugusa.

Pesa ya paa imefika, ahsante. Tumenunua mabati ya geji 28, na kenchi za upande wa jikoni ilibidi zibadilishwe zote, mchwa walikuwa wameziacha ganda. Mvua za vuli zikitukuta bado kuna upande umefunikwa turubai, lakini vyumba vya kulala viko salama. Fundi ni yule kijana wa mlimani aliyejenga uzio wa shule. Mama yako amenuna kwa sababu simpunguzii bei. Anasema kila fundi ukoo huu unamsumbua mpaka anakimbia, isipokuwa huyo mmoja, akisema laki mbili natoa laki mbili na chai juu. Ni kweli. Nitafika huko.

Machungwa msimu huu ni mengi na bei ni aibu. Dalali anakuja na lori lake anataka kwa gunia la lumbesa, nimemrudisha mara mbili. Ule mstari wa miti uliyopanda na bibi yako bado unazaa kuliko yote.

Kuhusu fedha sasa, maana hilo nalo umeliruka. Ulisema mwenyewe bunge la Texas hukutana siku 140 kila baada ya miaka miwili, na mshahara ni dola 600 kwa mwezi. Nani atalipia mabango? Wood aligombea kuteuliwa na chama chake awe rais, mwaka 1920. Tajiri wa sabuni akasimama nyuma yake, na kamati ya Seneti ilipochunguza ikakuta kampeni imekula zaidi ya dola milioni moja na laki saba za wakati ule. Kule Chicago, kwenye mkutano wa chama, alianza akiwa wa kwanza, kura 287 na nusu. Wakapiga tena na tena, na raundi ya kumi mpinzani wake Harding akachukua. Zile fedha ndizo zilizomchafulia jina. Mtu aliyezilipa hakuumwa na kitu. Kwa hiyo watu wa chama waliokufuata, waulize kwanza nani anawalisha wao. Usiniambie ni wakarimu. Mimi nimekaa vikao.

Nimekaa vikao, ndiyo. Kipindi chenyewe hukijui kwa sababu ulikuwa na miezi minne. Nilikuwa tabibu pekee wa zahanati yetu, na mwaka ule wa 1987 wakanichagua katibu wa tawi. Nilipenda, sikufichi. Nilipenda kuitwa ndugu katibu kuliko nilivyopenda kuitwa dakitari, kwa sababu dakitari waliniita wakiwa na shida na katibu waliniita wakiwa na heshima. Ndivyo nilivyofikiri. Kulikuwa na kikao cha usiku, mvua, wageni wa wilaya wamekuja. Mhudumu wa zahanati akafika mlangoni amelowa, akaniambia kuna mama kutoka mlimani amejifungua salama lakini damu haikomi. Nikamwambia asubiri, tumalizie ajenda iliyo mezani.

Ergometrini, dawa ya kukomesha damu ya uzazi, ilikuwemo kabatini. Ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu.

Mtoto aliishi. Ndiye anayeezeka paa lako.

Yeye anajua tu kwamba mama yake alifariki akimzaa, kama ambavyo wengi walifariki siku zile. Baba yake aliniletea kuku wa shukrani kwa sababu nilikwenda kuzika. Mama yako hata leo hajui kwa nini mwaka uliofuata nilikataa kuchaguliwa tena, nilimwambia vikao vinanichosha. Huu ni mwaka wa ngapi, na ufunguo ule ninao. Zahanati ilipojengwa upya walitupa kabati, mimi nikabaki na ufunguo. Uko kwenye kopo la misumari, juu ya rafu, nyuma ya redio.

Umekuwa unaniuliza tangu ukiwa mwanafunzi kwa nini siku ulipofaulu kwenda kusoma udaktari nilitoka nje nikakaa shambani mpaka giza. Ulidhani sikufurahi. Shangazi yako naye alidhani hivyo na akakwambia, na ulinibebea hilo miaka mingi. Basi.

Namalizia huyu mtu wako. Baada ya kushindwa Chicago alipelekwa tena Ufilipino, mwaka 1921, safari hii akiwa gavana mkuu. Aligombana na Quezon, kiongozi wa Wafilipino, na wenzake mpaka mwaka 1923 wakajiuzulu baraza zima. Watu walikuwa wanadai nchi yao, naye anadhani bado hawajakomaa. Sisi lugha hiyo tuliisikia kwa Waingereza. Lakini kuna jambo moja huko nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kuna kisiwa kinaitwa Culion, walikopelekwa wenye ukoma kwa maelfu. Mzee yule, mwenye madaraka yote yale, alikuwa anakwenda Culion, anawatazama wagonjwa, anapigania fedha za dawa, anapeleka madaktari. Mimi nimegawa vidonge vya dapsone miaka kumi na minane, najua mgonjwa wa ukoma anavyokutazama akiona hukurudisha mkono wako nyuma. Sijui moyoni mwake alikuwa anatafuta nini kisiwani kule. Ila niliposoma hapo nilimwonea huruma mara ya kwanza.

Na mwili wake mwenyewe aliutupa. Alikuwa na uvimbe kichwani, Harvey Cushing, bingwa wa upasuaji wa ubongo, alimfanyia upasuaji mwaka 1910 akapona akarudi kazini. Uvimbe ukarudi. Mguu ukawa unaburuta, upande wa kushoto unadhoofika, na yeye daktari, anajua dalili zote hizo ni za nini, akaendelea na ugavana miaka na miaka. Aliporudi kwa Cushing ilikuwa 1927. Alifia Boston tarehe 7 Agosti, baada ya upasuaji. Umri wake miaka 66. Nikakumbuka ulivyoniambia umesukuma mbele kipimo chako cha titi mara mbili kwa sababu ya kuhama. Nenda kapime kabla hujafunga masanduku. Hilo siombi, naagiza.

La kugombea siagizi. Una miaka yako na una nchi yako uliyoiapia, na siwezi kukaa chini ya mwembe Muheza nikamwamulia mtu wa Texas. Ninaomba kitu kimoja. Ukigombea, na ukishinda, uwe na siku moja katika juma ya kukaa kliniki. Siku nzima. Simu ya watu wa chama izimwe, na koti jeupe liwe lako, si la kupigia picha. Wakikwambia wiki hii haiwezekani kuna kura muhimu, waambie nina mgonjwa. Wakikwambia mara ya pili, waambie vilevile. Nakuomba uniandikie siku utakayoichagua. Ukichagua Alhamisi, basi kila Alhamisi mimi hapa nitajua uko wapi, na nitalala.

Utaona nimerudia sana jambo moja. Wewe ni wa kurudiwa.

Watoto wanabaki na mkwe wangu San Antonio mpaka shule zifungwe, nimesikia. Mwambie mkwe nimepokea salamu zake, na ile dawa ya magoti aliyoituma inasaidia asubuhi lakini jioni haifiki. Mkubwa ameanza kusahau Kiswahili, juzi alinijibu kwa Kiingereza mara tatu na hukumrekebisha, nilikusikia upo pembeni unaosha vyombo. Mrekebishe. Mdogo wako anataka kuoa mwakani, amekwambia? Naona hili mimi nimekuwa wa kwanza kulijua, au labda nalo mmeshalimaliza ninyi wawili.

Fundi anarudi kesho kuweka gata upande wa jikoni. Atakula hapa. Mama yako ameniuliza kama nitampa tena bei anayotaja, nimemwambia ndiyo.

Ukifika Missouri piga simu. Anza kwangu.

Baba yako